Kadi ya Mwangwi

Wiki iliyopita basi la kutoka Bunda lilisimama Nyamuswa kushusha mizigo, nikachungulia dirishani. Pale palipokuwaga na nyumba ya bibi pamelimwa mihogo. Zizi hakuna, hata jiwe la kuanikia mtama sikuliona. Nilijifanya natafuta kalamu kwenye begi.

Wewe nakuambia, maana shuleni sijawahi kumwambia mtu.

Likizo ya darasa la sita, kaka yangu, mtoto wa mjomba wa Musoma, alikuja na boksi la kadi za mchezo alizoachiwa na mgeni mmoja wa misheni ya Nyegina. Tulikuwa tukichunga ng'ombe wa bibi, alikuwa naye mmoja tu, mwekundu, pembe moja imepinda. Tukirudi tunatandika gunia barazani, harufu ya dagaa inatoka jikoni, tunacheza. Kadi zimeandikwa Kiingereza na kaka ndiye mtafsiri, kwa hiyo kaka ndiye alikuwaga anashinda.

Kulikuwa na kadi ya Radi: unachagua kiumbe mmoja mezani, anakufa. Na kulikuwa na Mwangwi: pigo lililotupwa unalitolea nakala. Siku ya kwanza alimpiga Radi simba wangu. Nikatupa Mwangwi haraka, nikanyooshea kidole joka lake.

"Hapana, mdogo wangu. Nakala inaenda kule kule. Umempiga simba wako mara ya pili."

"Mimi nimechagua joka."

"Hujachagua, umeiga. Anachagua aliyetupa wa kwanza. Ziko Mwangwi zinazoruhusu kuchagua upya, ila hii haijaandikwa hivyo."

Bibi aliweka ungo chini akacheka. "Basi huyo simba mchimbieni makaburi mawili."

Likizo hiyo hiyo ng'ombe wa majirani wakaanza kufa. Wa bibi anatafuna tu. Tukiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, jirani yetu, mama aliyezoea kuazima kinu chetu, akasema, "Ng'ombe za watu zinakufa, ya yule bibi inanenepa. Kwa nini?" Hakutaja uchawi. Kwetu bibi kizee akisemwa hivyo inatosha, na wengine hawajapona.

Jioni vijana wa bodaboda wakasema vile vile. Kisimani wakasema. Watoto wakasema wakipita nje kwetu. Asubuhi moja tukakuta mawe mlangoni, na bibi hakwenda tena kisimani, nikawa naenda mimi.

Machungani nilimwuliza kaka: hawezi kutokea hata mtu mmoja akachagua kingine? Aseme kupe, aseme ugonjwa? Kaka alikatakata jani la nyasi.

"Wote wanaiga," akasema. "Ila kiumbe akiwa ameshatoka mezani, Radi inaenda bure. Na nakala zake zote."

Sijui alimwambia nini baba yake kwenye simu. Mjomba alikuja na pikapu ya kukodi. Bibi alipakia ungo na kinu, halafu akaenda kwa yule jirani na kamba ya ng'ombe mkononi. Akamwomba amtunzie ng'ombe, maziwa anywe yeye, kama tunavyowekeana mifugo huku kwetu. Jirani alilia. "Mama, tutabaki na nani?" Nadhani alilia kweli.

Maneno yaliisha kabisa. Ng'ombe aliendelea kunenepa kwa jirani, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kaka siku hizi yuko kazini, hana habari na michezo. Boksi liko chini ya kitanda changu, limekula unyevu. Kiingereza changu sasa kinatosha, nimezisoma zote. Ipo ya kumrudisha kiumbe aliyetoka, lakini inamrudisha mkononi mwa mwenyewe. Mezani hapana.

Bibi anaishi chumba kimoja Musoma, jiko la mkaa mlangoni. Wiki iliyopita nilipofika kwake, kabla hata sijavua viatu, akaniuliza kama nimeiona nyumba.

Nikamwambia basi halikusimama.