Kikonyo cha Boga la Wifi

Walimwita Kidole, kwa sababu hakuwa na haja ya kuuliza boga ni la aina gani. Alibonyeza kikonyo tu. Kikiwa kinene na laini kama kizibo, boga ni la ukoo wa kwanza. Kikiwa kigumu, kimetanuka pale kinaposhikana na boga, ukoo wa pili. Kigumu chenye pembe, kisichotanuka, ukoo wa tatu. Na boga la mama yake lilikuwa la ukoo huo wa tatu: dogo, la kijani, tamu balaa. Mbegu zake hakuwa nazo mtu mwingine, maana mama huyo alikuwa mchoyo wa mbegu, tuseme ukweli.

Sasa mama alikuwa kitandani, macho hayaoni, hamu ya kula imekwisha ila ya boga lake. Mche ukabaki mmoja tu, mikononi mwa Kidole.

Wifi yake, jirani wa ukuta kwa ukuta, akapanda maboga ya pambo, yale ya kutazama tu. Kidole akaenda kukagua miche ikiwa bado michanga, akaona majani yana madoa meupe.

"Haya ni ukoo wa pili, wifi. Hayachanganyiki na yetu. Yaache yatambae."

Madoa, jamani! Ukoo wa pili na wa tatu, zote huwa nayo! Bingwa wa vikonyo kaona jani, kakata shauri. Tena maua dume ya mche wake alikuwa akiyachuma ya mboga, kwa hiyo nyuki walileta chavua kutoka kwa wifi.

Boga la mama likaiva, tamu vilevile, maana mchanganyiko hujificha kwenye mbegu. Wakalila, mbegu zikaanikwa, zote zikapandwa. Miche ilipokuwa imeanza kutambaa, wifi akaingia na bakuli la maboga yake yaliyokauka.

"Tazama yalivyopendeza! Nimekuletea uweke mezani."

Kidole akabonyeza kikonyo. Kigumu, kina pembe, hakikutanuka. Akamwambia wifi kwamba ni ukoo wa tatu, na mbegu za mama zimechanganyika.

"Sasa tufanyeje?" wifi akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Hakuna la kufanya. Tungoje tuonje."

Yalipozaa, alionja kila boga kwa ncha ya ulimi, akatema. Chungu. La mche wa pili, chungu. Alizunguka shamba lote akitema, wifi nyuma yake na kikombe cha maji, hadi likabaki moja karibu na ukuta. Akalikata, akalionja. Nalo chungu kama shubiri, uchungu wa kumwumiza mtu tumbo. Akang'oa miche yote.

Jioni akamgeuza mama ubavu, akamfuta uso.

"Mwanangu, maboga vipi?"

"Bado, mama."

"Usiyachume mabichi kwa ajili yangu. Nitangoja."

"Sawa, mama," akasema Kidole, akamfunika shuka.