Nilitumia Jina la Rafiki Yangu Kupima Homoni

Nimekosa jamani, na wa kumlaumu sina. Mdomo ulioniponza ni wangu, na aibu sasa naibeba mwenyewe. Nisikilizeni kwanza, kucheka mtacheka baadaye.

Nina miaka arobaini na minne, nauza spea za malori hapa Tunduma. Mwaka jana nilianza kuchoka bila sababu. Nasinzia dukani mpaka mteja agonge kaunta kwa spana! Kitambi kinaongezeka, hasira za ovyo, na yale mambo ya chumbani ndiyo yakaniaga kabisa. Mke wangu akinigusa bega tu, mimi naanza kupiga chafya. Mafua ya miezi saba! Maskini wa Mungu, akawa ananichemshia tangawizi.

Nikajaribu unga wa mizizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Muuzaji aliapa, "Mukwai, yaani bwana mkubwa, hii ni simba!" Simba gani? Niliharisha siku mbili.

Basi nikaamua kwenda hospitali. Lakini Tunduma kila mtu ananijua, nikapanda gari hadi Vwawa. Dada wa mapokezi akauliza, "Jina?" Jasho likanitoka. Jina lililonijia mdomoni ni la rafiki yangu tangu shule.

"Simbeye," nikasema. "Seremala. Natokea Mlowo."

(Hata hilo Simbeye si jina lake la kweli. Jina lake nimeshalitumia vya kutosha.)

Daktari alikuwa mtaratibu. Aliniuliza usingizi, bia, uzito, dawa ninazokunywa, kama nina watoto. Akasema nije asubuhi kabla sijala chochote, maana homoni ya kiume hupimwa asubuhi, tena hupimwa mara mbili ndipo iaminike.

Mara ya pili nikakaa kwenye benchi na mama mmoja mtu mzima, kaja kupima presha. Mchangamfu huyo! "Mwanangu, mbona kijana hivi, unaumwa nini?"

Ndugu zangu, kujificha nyuma ya jina la mtu kunalegeza ulimi. Nilimwambia yote! Uchovu, mafua ya uongo, simba, kila kitu. Yule mama alinisikitikia kwelikweli, akanishika mkono.

"Pole sana. Na unaitwa nani?"

"Simbeye, mama. Seremala wa Mlowo."

Akauachia mkono wangu. Akanitazama juu mpaka chini, akajifunga kanga yake vizuri, akanipa mgongo. Mimi nikadhani presha imepanda.

Majibu yalipotoka, homoni ilikuwa chini mara zote mbili, na sukari ilikuwa juu. Nikamwambia daktari anichome hiyo sindano ya homoni nimalize kazi.

"Mnataka mtoto mwingine?" akauliza.

"Mke wangu anataka sana."

"Basi hapana. Ukichomwa homoni, mwili unaona imeshatosha, unaacha kutengeneza mbegu. Tuanze na sukari, kitambi, bia na usingizi. Ikigoma, kuna njia nyingine tutaangalia."

Nikarudi nyumbani na matumaini yangu. Wiki haikuisha, Simbeye akanipigia simu. Sauti ya mtu aliyefiwa.

Simbeye ni mjane, mke wake alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa ametuma barua ya posa Isansa kwa fundi cherehani mmoja, Tumaini, na mimi nilijua amempenda kufa.

"Wamerudisha posa," akasema. "Wanasema binti yao hawezi kuolewa na mgonjwa, tena mwenye mke nyumbani. Mgonjwa gani, mke gani? Nisindikize ukaniombee, wewe una maneno."

Maneno! Hata hapo sikushtuka. Nikavaa koti, tukaenda.

Tulikaribishwa sebuleni, wazee wamenuna. Nimeanza tu kumsifia rafiki yangu, afya yake, nguvu zake za kuranda mbao, mara pazia likafunguka. Akaingia shangazi wa binti na birika la chai. Yule mama wa benchi!

"Huyo hapo!" akapaza sauti. "Simbeye mwenyewe huyo! Leo mafua yamepona?"

Wazee wakanitazama mimi, wakamtazama Simbeye. Baba wa binti akauliza polepole, "Sasa Simbeye ni nani humu ndani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga magoti juu ya mkeka, nikasema yote mbele ya wazee, mbele ya Tumaini aliyekuwa mlangoni akiziba mdomo. Sijui alikuwa analia au anacheka. Shangazi ndiye aliyecheka mpaka akaliweka birika chini.

Posa ilipokelewa upya siku ileile. Lakini njiani Simbeye alikaa kiti cha mbali nami. Tulipofika Mlowo akashuka, akasema, "Ungeniambia tu, ningekusindikiza hospitali." Mshenga kamtafuta mwingine. Harusi nilisimuliwa.

Nyumbani ndiko nilikoumia zaidi. Habari zilifika kabla yangu. Mke wangu hakufoka. Alikuwa anamenya viazi, akasema bila kuinua macho, "Mama wa benchi ulimwambia. Mimi hukuniambia."

Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, nikamenya naye.

Sasa hivi natembea kwa miguu kwenda dukani, bia nimeacha, sukari imeshuka, na homoni kwenye vipimo vya juzi imepanda kidogo. Hata usingizi wa kaunta umekwisha. Haya mengine ya chumbani yanarudi taratibu, msiniulize zaidi!

Wanaume wenzangu, huu ni ugonjwa kama malaria, unapimwa na unatibika. Msinunue unga wa barabarani, msichomwe sindano za kuhadithiwa. Na kabla hujapanda gari kwenda kokote, kaa na mkeo umwambie. Akija kuusikia kwa watu, kidonda hicho hakuna daktari wa kukifunga.