Asilimia za Mwalimu Maingi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, Mwalimu Maingi hakuwa na Jumamosi tena. Watu walitoka mtaa wa Buruburu, wengine Baba Dogo, wakaja kukaa kwenye benchi nje ya chumba chake pale Ziwani, kila mmoja na karatasi ya matokeo mkononi, wakingoja kupigiwa asilimia. Mwaka ule wa 1984 alikuwa amechoka kuliko miaka yote. Macho yalimwasha, mgongo haukunyooka sawasawa, na mkewe Nthambi, aliyekuwa akilima kwao Mwala, alikuwa amekwisha kumwambia afunge mlango ajilalie kama wazee wenzake. Hakufunga.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Cheti hakikuonyesha alama alizopata mtoto. Kilionyesha namba tu, moja hadi tisa, na moja ndiyo bora. Kuna baba mmoja aliyewahi kuwanunulia majirani soda kwa furaha ya tisa nne za mwanawe, na ni Maingi aliyebaki na kazi ya kumweleza. Lakini vyuo vya India, ambako wazazi wengi walipeleka watoto waliokosa nafasi hapa nyumbani, vilitaka asilimia moja ya masomo yote, tena yenye muhuri wa mkuu wa shule. Wakuu wa shule hawakujua waitoe wapi. Mwaka wa 1977 mmoja wao alimwomba Maingi, kwa kuwa alifundisha hesabu, abuni njia yoyote ile. Naye akabuni jioni moja, chai ikipoa mezani. Nne, alikadiria, ni kati ya sitini na sitini na nne, basi achukue katikati, sitini na mbili. Tano iwe hamsini na saba, sita hamsini na mbili. Ujumlishe masomo sita, ugawanye kwa sita. Shule nyingine zikainakili, na baada ya miaka michache hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Hata yeye mwenyewe alianza kuiheshimu kama sheria ya serikali.

Watu walimwamini kwa sababu ya Muindi, mwanawe. Muindi alipomaliza shule, chuo alichokitaka kilidai sitini. Hesabu ya baba yake ikatoa hamsini na nane na nukta kadhaa, na Maingi akaandika hivyo hivyo. Kijana hakusema neno. Wiki iliyofuata alienda kutafuta kibarua kwenye kiwanda cha sabuni Baba Dogo, na huko ndiko alikobaki. Mtaani wakasema mzee huyu hana upendeleo, hata damu yake haimbabaishi. Maingi aliyasikia hayo, na usiseme hakuyafurahia.

Jumamosi moja mtu wa mwisho kwenye benchi alikuwa Teresiah, fundi wa cherehani wa Buruburu, pamoja na bintiye Njoki. Msichana alitaka kusomea famasia. Hakuna chuo cha hapa kilichomwita, na kile cha India kilitaka sitini, barua ifike posta Jumatatu. Maingi alitupia jicho namba zake. Nne tatu, tano mbili, sita moja. Zilikuwa namba zilezile za Muindi. Alijua jibu kabla ya kushika kalamu, lakini alipiga hesabu yote, taratibu, kwa kuwa hakutaka kuinua uso.

Alipowaambia, Teresiah aliomba, akarudia kuomba, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua tayari ameshindwa. Maingi akamjibu alivyowajibu wote: Mama Njoki, hesabu ni hesabu. Aliyasema akiwa hoi, akitamani wainuke waende.

Njoki ndiye hakuinuka.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nani alisema nne ni sitini na mbili?"

Maingi alieleza habari ya katikati. Msichana akauliza, kwa adabu kabisa, je, kama alipata sitini na nne katika yale masomo matatu ya nne, na mengine pia akawa juu vivyo hivyo? Maingi hakutaka kuipiga hesabu hiyo. Hakuwa ameipiga hata mara moja katika miaka yote ile. Lakini kichwa cha mwalimu wa hesabu hakingoji ruhusa. Ikatoka sitini na nukta kadhaa.

"Ni yeye mwenyewe aliyesema nne ni sitini na mbili," sauti ikamjibu Njoki kutoka mlangoni.

Alikuwa Muindi, ametoka zamu ya asubuhi, unga wa sabuni umemganda kwenye nyusi. Maingi alimgeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba. Ulinieleza wewe mwenyewe ulivyoibuni, nikiwa kidato cha kwanza."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Ningesema, ungeniandikia sitini?"

Maingi alitaka kusema ndiyo. Alimtazama mwanawe, mabega yale yaliyoinama mapema mno, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Zaidi ya aibu kulikuwa na uchungu, wa kugundua kwamba kijana alikuwa amemhifadhia heshima yake muda wote huo, na hiyo heshima ilitokana na makisio. Teresiah alitazama sakafu.

"Nisingekuandikia," akasema.

Muindi aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kukasirika, alionekana amechoka tu, kama baba yake. Akachukua taulo lililoning'inia nyuma ya mlango.

"Basi mwandikie huyu," alisema, akatoka kwenda bombani kunawa uso.

Maingi alivuta karatasi, akaandika sitini. Sifuri ikatoka vibaya, lakini ilisomeka.