Hii Nyumba Haiuzishwi

Siku ya tatu baada ya mimi kurudi kuishi kwa wazazi wangu, nilitoka asubuhi kuchota maji nikakuta baba ameandika kwenye uzio wa mbao unaotazama barabara. Rangi ya bluu, herufi kubwa kama za ubavuni mwa lori: HII NYUMBA HAIUZISHWI. Nafasi haikumtosha. Alipofika mwisho wa mbao, ile WI ilikosa pa kukaa, akaiteremsha chini kabisa, karibu na mawe, ikabaki peke yake kama mtoto aliyefungiwa nje.

Hapa Goma kila mtu anajua maandishi hayo yana maana gani. Hayaandikwi kwa ajili ya mnunuzi tu. Yanaandikwa kwa sababu ndani ya nyumba kuna mtu: kijana mlevi anayetaka kumzunguka mzee wake, ndugu aliyeiba karatasi za kiwanja, mke mdogo mwenye haraka. Nikahesabu watu wa kwetu. Baba, mama, na mimi niliyefika juzi na godoro kichwani na deni mgongoni. Nilikuwa na miaka thelathini na saba. Nilisimama pale na bidoni zangu mbili za maji, uso unawaka.

Niseme wazi deni lilivyokuja, nisije nikadhaniwa nilikunywa pombe. Nilikuwa nauza maharage sokoni Birere. Niliyatoa mji wa Kiwanja, kule Rutshuru, kwa mama mmoja wa jumla aliyeniamini: nachukua magunia, nauza, namtumia pesa yake, nachukua tena. Tulienda hivyo miaka sita bila hata neno baya. Safari ya mwisho nilipakia kuliko kawaida, na baba ndiye aliyenichagulia lori. Baba aliendesha malori kwenye barabara ya Rutshuru tangu sijazaliwa mpaka magoti yake yakakataa.

"Pakia kwa huyu, mama," aliniambia. Ananiita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Huyu ni mutu yangu, namujua."

Mutu yake alikuwa na turubai lililotoboka kama chekeche. Lori lilifika Kibumba, barabara ikafungwa mbele yake, likakaa pale majuma mawili, na mvua ya Kibumba haibembelezwi. Nilipofungua magunia yangu, maharage yalikuwa yameota. Kila punje imetoa kijimkia cheupe. Wenzangu waliniambia nichanganye na mazima, niuze haraka haraka, nani atajua? Sikuweza. Yaliyofaa nilianika, mengine nikamwaga.

Sikumlaumu baba. Yaani, kwa mdomo sikumlaumu.

Mama wa Kiwanja hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alinipigia simu, akanipa pole ya barabara, akaniuliza afya ya wazazi, ndipo akasema: "Dawa ya deni ni kulipa, mama. Lipa kidogo kidogo, lakini kila mwezi nione kitu." Niliuza friji, nikauza kitanda, nikauza hata viti vya plastiki. Bado. Kilichobaki ni kodi niliyokuwa nalipia vyumba vyangu viwili. Pesa ya kodi ndiyo ingekwenda Kiwanja kila mwezi, na mimi ningekwenda kwetu.

Chumba changu cha zamani kilikuwa kimegeuka stoo ya makala, mkaa wa kupikia. Mama alikifagia mara mbili, lakini kwa majuma nilikuwa nikipenga kamasi nyeusi. Kwa kuwa sikuwa na kitanda, alipanga masanduku yake mawili ya bati, akalaza mbao juu, tukatandika godoro. "Usiyafungue," alisema, "ni vitenge vyangu vya zamani." Nani alikuwa na nguvu ya kufungua vitenge? Nililala.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatuna shamba, tuna mawe ya volkano, kwa hiyo mama alinipa bidoni. Ndiyo hizo nilizokuwa nazo siku ya maandishi. Nilirudi nazo zimejaa, nikamkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, baba ameandika juu yangu?"

Hakuinua kichwa. "Uliza mwenye aliandika."

Sikuuliza. Nina kichwa kigumu, na waliokitengeneza ndio hao hao. Nilijiambia: mtu aliyenipandisha kwenye lori la kunifilisi, leo ananiandikia uzio kama mwizi. Basi. Nitalipa, nitaondoka, na sitamuuliza kitu.

Miezi ikaenda. Kuchoka kwa kurudi kwenu si kuchoka kwa kazi. Kazi niliifanya, nikiuza kwenye meza ya mwenzangu Birere, maharage ya mtu mwingine, kwa kopo. Kilichonichosha ni yale mengine. Kuulizwa unatoka wapi na jua halijazama vizuri.

"Mama, niko na miaka thelathini na saba!"

"Na mimi niko na sitini na mbili, na baba yako ananiuliza kila siku. Unatoka wapi?"

Kuoga kwa zamu. Kuvaa kitambaa kichwani kabla ya kutoka chumbani. Kusikia redio ya baba ikisema habari zilezile kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha baba akizirudia yeye mwenyewe. Kula maharage yangu yaliyoanikwa, mchana na jioni, mpaka yakaisha. Tulikula mtaji wangu na bugali, na mama akasema yana utamu.

Halafu ule uzio. Wenye pikipiki walishaufanya kituo. Ukipanda Birere husemi tena mtaa wala msikiti, unasema "Nipeleke pa Haiuzishwi," na kijana anawasha. Wanawake wa sokoni hawakuniacha. "Mama Haiuzishwi! Na hii maharage nayo haiuzishwi?" Nilicheka nao. Ukikataa kucheka sokoni, umekwisha.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa asubuhi. Baba akitoka, hata kama anakwenda tu kununua mkate, anasimama kwanza mbele ya maandishi yake. Anasoma. Midomo inatembea, mkono uko nyuma, halafu anainama kidogo, anashika goti, anasoma na ile WI ya chini. Ndipo anaenda. Nilimwona kila siku kutoka mlangoni mwa jikoni. Nikadhani anafurahia kazi yake. Nikadhani ananisomea mimi.

Siku moja, mwezi wa tano tangu nirudi, sikuweza tena. Tulikuwa tunakula sambaza, dagaa wa ziwani, nikasema bila kumwangalia: "Mwizi haandikiwi uzio. Mwizi anafukuzwa."

Baba aliacha tonge hewani. Kisha akalirudisha kwenye sahani, akanawa mikono, akatoka nje. Nilisikia haya, na hasira haikupungua.

"Ulimi wako," mama alisema, "ndio ungepashwa kuandikiwa hauuzishwi, maana hakuna mutu angeununua."

Ilikuwa mwezi wa saba, Jumapili mchana, nikiwa nafua uani na baba anarekebisha mbabula, jiko la makala lililotoboka, ndipo mtu akagonga. Baba akachungulia kwenye upenyo wa mbao. Sijawahi kuona magoti yale yakifanya kazi vile. Aliinuka, akavuka ua, akaingia jikoni, akajibanza nyuma ya gunia la makala.

"Ambia ye sipo," alininong'oneza. "Niko Kindu."

Kindu! Mtu ambaye tangu magoti yaharibike hajafika hata Sake. Na mtu ambaye alinichapa nikiwa na miaka minane kwa kusema uongo wa sukari. Nilifuta povu mikononi, nikafungua.

Alikuwa komisioneri, wale watu wanaokutanisha muuzaji na mnunuzi wa viwanja na kula katikati. Mfuko wa ngozi kwapani, viatu vimeng'aa, vumbi la mtaa wetu halikumgusa.

"Muzee iko?"

"Amesafiri. Kindu."

"Kindu? Mbona tumesali naye leo alfajiri?"

"Amesafiri sasa hivi." Nikaona aibu, nikamgeuzia ukali. "Halafu wewe hujui kusoma? Haukuona imeandikwa nini hapo nje?"

"Najua kusoma, mama. Lakini mimi sikujileta. Ni muzee mwenyewe alikuja kwangu, kabla hii rangi haijakuwa. Aliniambia nusu ya kiwanja, huu upande wa jikoni, na ifanyike mbio, juu mutoto wake amezama mu deni. Nikaleta mutu, mutu akapima. Ilibakia kutia sahihi tu. Kesho yake narudi hivi, nakuta rangi ingali mbichi." Alinitazama vizuri. "Ah. Ni weye ule mutoto?"

Nilimwambia arudi kwake. Nadhani nilimwambia kwa heshima, sikumbuki. Nilifunga mlango, nikakaa kando ya beseni la nguo, na sehemu ile aliyoitaja ilikuwa mbele yangu: jiko la mama, kamba ya kuanikia nguo, bomba la maji ya mvua. Nusu ya kila kitu walichokuwa nacho.

Baba alitoka jikoni, kofia yake nyeupe imeshika weusi wa makala.

"Ameenda?"

"Ameenda. Baba, ule uzio uliandikia nani?"

Alijaribu kuokota mbabula yake, akaiacha. "Mimi ndiye nilikupandisha mu ile lori, mama. Nilisema ni mutu yangu. Ulipofika hapa na godoro ku kichwa, nikaenda kwa ule bwana, nikamupa neno yangu. Mama yako akaniuliza: utauzisha, halafu siye watatu tutaenda kulala wapi? Alisema kweli. Lakini kila nikitoka, miguu inataka kwenda kwake tu. Nikaona niandike, nikuwe nasoma kabla sijatoka."

"Nilidhani umeniandikia mimi."

"Weye?" Alishangaa kabisa, hakuigiza. "Weye uko na nini ya kuuzisha hapa?"

Nililia, bwana, na nililia vibaya. Baba alisimama tu pale, hajui afanye nini na mtoto wa miaka thelathini na saba.

Jioni, tukikunja nguo chumbani mwangu, mama aligusa moja ya yale masanduku ya bati kwa kidole cha mguu. "Hii haina vitenge," alisema. "Ni karatasi ya nyumba. Nilitafuta mahali baba yako hawezi kufika, na ye hawezi kuingia mu chumba ya binti yake mukubwa hata nyumba ikiwaka moto."

Ni kweli. Hata siku niliyokuwa na malaria aliniulizia hali akiwa ameupa mlango mgongo. Miezi saba nilikuwa nalala juu ya nyumba yao.

"Na mimi hukuniogopa? Ningeiuza, mama. Niko na deni."

"Aka! Weye?" Alikuwa anakunja kanzu ya baba, hakusimama. "Maharage yenye imeota tu ilikushinda kuuzisha."

Deni halijaisha. Mama wa Kiwanja bado ananiuliza afya ya wazazi kabla ya kuniuliza mengine, na mimi bado napenga makala. Lakini asubuhi ya pili yake nilitoka na bidoni zangu nikamkuta baba pale mbele ya uzio, mkono nyuma, midomo inatembea. Nikatua bidoni chini.

"Soma kwa sauti, baba, na mimi nisikie."

Akasoma, polepole, na alipofika mwisho wa mbao akaniegemea begani, akainama na yale magoti yake mabovu, akaimalizia ile WI.