Shuwa ya Kiingereza

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama yangu aling'olewa meno yote yaliyokuwa yamebaki, na daktari akamwambia asubiri fizi zipone ndipo awekewe ya bandia. Kusubiri hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni Ijumaa.

Nyumbani kwa wazazi wangu, Ghubra, kila Ijumaa baada ya sala tulikusanyika kwa chakula cha mchana: kaka yangu na mkewe na watoto wao, na mimi na mume wangu na wa kwetu, tukitokea Bawshar. Sinia la wali liliwekwa katikati ya busati, na mama ndiye aliyegawa nyama. Aliichambua kwa vidole vya mkono wa kulia, akamsukumia kila mtu fungu lake. Alijua nani anapenda mafuta na nani hawezi kuyaona. Alipong'olewa meno, akahama. Akawa anakunywa uji wake jikoni, mlango ameurudisha, na nyama tukagawana wenyewe, kwa kunyang'anyana.

"Njoo ukae nasi tu, Mama," nilimwambia.

"Nikae niwatizame mnavyotafuna? Mie nna kazi jikoni."

Hakuwa na kazi yoyote. Nilitaka arudi kwenye busati, basi nikaanza kufikiria chakula ambacho hata fizi zitakiweza. Nikakumbuka pai ya mchunga kondoo, niliyofundishwa na bibi mmoja aliyenipangisha chumba nilipokuwa nikisoma Uingereza. Alikuwa akiipika siku za baridi, madirisha yote yakiwa na ukungu.

Usitishwe na neno pai, maana hapa hakuna unga wa kusukuma. Ukijua kupika nyama ya kusaga, nusu ya kazi umeshaimaliza. Kaanga vitunguu polepole mpaka vilainike, tia nyama ya kondoo, karoti ndogo ndogo na njegere. Bibi yule alitia sosi nyeusi ya chupa. Mimi natia ndimu kavu iliyosagwa, na sijaona upungufu. Acha mchuzi ukauke hasa, kwa sababu ukiwa mwingi mbatata zitazama. Mbatata nazo, ukishazichemsha na kuzimwaga maji, zirudishe sufuriani zifuke mvuke kidogo kabla ya kuziponda na siagi na maziwa. Watu wengi huharakisha hapo, wakapata uji. Zitandaze juu ya nyama, kisha pitisha uma ufanye mistari kama shamba lililolimwa. Ile mistari ndiyo itakayobadilika rangi na kuwa ganda, na ganda ndilo watu wanaloligombania. Oka mpaka pembeni paanze kutokota.

Ijumaa ya kwanza niliipakua kama nilivyoona ikipakuliwa kule, kila mtu na sahani yake na uma wake. Mama akachungulia.

"Mbona mmepangwa kama wadi ya hospitali?"

Akachukua sahani yake, akarudi nayo jikoni. Baadaye nilipokwenda kuiosha nikaikuta safi, haina hata punje ya njegere. Chakula kilimpendeza, basi. Wiki nzima nilijiuliza kilichobaki ni nini, na kila nilipoikumbuka ile safu ya sahani nilimwona amesimama mlangoni, mikono haina la kufanya.

Ijumaa iliyofuata nikachukua trei kubwa kuliko zote zilizoingia kwenye oveni yangu. Nikaifunga kwa mataulo tukaenda nayo Ghubra, mume wangu akikata kona taratibu kama amebeba bi harusi. Nikaiweka nzima katikati ya busati. Hakuna sahani, hakuna uma.

Kaka yangu akaikagua. "Nyama iko wapi?"

"Chini."

"Aa! Shuwa ya Kiingereza! Sisi twachimba shimo la moto tuizike nyama iive humo, wenzetu wavivu wanaizika chini ya mbatata."

Watoto walicheka, na mikono yao ikaruka moja kwa moja kwenye ganda. Mmoja akavuta upande huu, mwengine upande ule, shamba langu likaanza kupasuka. Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Nyie! Mtaivuruga yote! Hebu sogeeni."

Mama akakaa, akakunja mikono ya nguo yake, akasema bismillahi. Akalivunja ganda vipande vipande vikavu, akawasukumia wajukuu mmoja mmoja. Halafu akachota ile laini ya chini, nyama na mbatata pamoja, akaila mwenyewe.

"Mama, mie nataka ya pembeni, iliyoungua," kaka akaomba.

"Wewe si umesema ya wavivu? Ngoja zamu yako."

Alimpa mwisho kabisa, kipande kikubwa kuliko vyote.

Tangu siku hiyo hakula tena jikoni, na trei yangu ikawa inasafiri kila Ijumaa. Meno ya bandia yalipowadia, wali na nyama vikarudi mahali pake, lakini watoto wakaidai pai mara kwa mara, nami sikuwanyima. Mara ya kwanza nilipoipika akiwa na meno mapya, mama alivunja pembe iliyoungua vizuri kuliko zote. Viganja vya watoto vikanyooka. Akavitazama vyote, kisha akaitia kinywani mwake na kuitafuna kwa kishindo, mpaka sote tukasikia.