Futi Isiyo na Inchi ya Kwanza

Bi Yunifomu alilipata jina lake kwa jasho. Miaka ishirini na sita alishona sare za shule, mashati meupe na sketi za buluu, mpaka akawa anaota kola. Na jamani, nani husifia sare? Mtoto anaivaa, anaichana, inarudishwa kwa fundi na lawama juu.

Lakini alikuwa na siri mbili. Ya kwanza ilikuwa guniani: kila alipokata shingo ya nguo alikihifadhi kile kipande kidogo kinachobaki, chenye umbo la mwezi mchanga. Ya pili ilikuwa machoni. Daktari alimwambia bila kuzunguka, "Mwakani hutaona tundu la sindano. Baada ya hapo, hata cherehani yenyewe." Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Basi mwalimu wa uchoraji wa shule moja alipomletea fomu ya mashindano ya kimataifa ya mavazi ya sanaa, yale ya nguo ambazo hakuna anayezivaa kwenda dukani, hupandishwa jukwaani watu wazishangae, aliishika kama mfa maji. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kabla giza halijamfunga, ashone nguo moja ambayo watu wataitazama. Alipanga vipande vya shingo elfu tatu, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya samaki, akatoa joho. Lo, joho! Alituma picha, wakamchagua. Sasa walilitaka lenyewe, na gari la vifurushi lingelipitia saa tisa alasiri, siku ya mwisho ya kutuma. Masharti yalikuwa wazi: nguo isiyomtosha mwanamitindo wao haipandi jukwaani.

Asubuhi ya siku hiyo wifi yake, dada wa mumewe, alirudi kutoka safari. Wifi huyu alikuwa na vipimo vilevile vya mwanamitindo vilivyoandikwa kwenye fomu, na hakuchoka kuvitangaza.

"Hebu livae, wifi, nilione mwilini," Bi Yunifomu alimwambia.

Wifi akaingiza mikono, akavuta, akabana pumzi. Wapi! Kifuani palibaki pengo la kiganja kizima.

"Safari imekunenepesha," Bi Yunifomu alisema.

"Mimi? Ninenepe kwa kulala kwenye mabenchi? Lete futi hapa!" Akaivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa Bi Yunifomu, akaitazama. "Wifi, hii inaanza na mbili. Moja iko wapi?"

Moja ilikatwa na mkasi zamani, na Bi Yunifomu alilijua hilo fika. Haikumdhuru hata siku moja, maana mteja alipimwa kipande kwa kipande kwa futi hiyohiyo na kitambaa kikakatwa kwa futi hiyohiyo, kilema kwa kilema, nguo ikakaa sawa. Ila safari hii hakupima mwili. Namba zilitoka kwenye karatasi, zimepimwa kwa futi nzima ya watu wengine. Joho lilikuwa na vipande vinne, na kila kimoja kilipungua inchi moja.

Aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Kisha akafuta kamasi, akashika wembe, akafumua ubavu wa kushoto. Vipande vya shingo vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo alikata kitambaa kitupu cha buluu akaanza kukipachika kwa mkono, kwa kuwa mashine isingepita kwenye yale magamba. Uzi wa buluu juu ya buluu. Alipapasa, akajichoma, akapapasa tena.

"Mbona unashona kama unatafuta chawa?" wifi alitania. "Sogea dirishani!"

Alikuwa dirishani tayari.

Ubavu wa kushoto ulikamilika saa nane na nusu. Wa kulia alikuwa ameshaufumua kutoka kwapani hadi nyongani alipopigiwa hodi. Alimsihi dereva wa gari la vifurushi amsubiri saa moja. Dereva akasema, "Mama, ndege hainisubiri mimi." Joho likaingia kwenye boksi, ubavu mmoja wazi.

"Saini hapa." Bi Yunifomu alisaini mezani, nje kabisa ya karatasi. Dereva akamshika mkono taratibu, akauweka penye mstari, akachukua boksi akatoka.

Wifi aliliona hilo, asilielewe. "Usijiue, wifi yangu. Wasipolipokea, utashona jingine. Si mashindano ni kila baada ya miaka miwili? Miaka miwili ni kesho tu."

"Miaka miwili!" Bi Yunifomu alimgeukia. "Wifi, mwakani sindano siioni. Miaka miwili ikifika, nitakuwa sikuoni wewe."

Wifi akatoka mbio bila viatu, akipiga kelele gari lisimame, ingawa mwenyewe hakujua likisimama atafanya nini. Bi Yunifomu alisikia mlio wa injini ukienda, ukififia, na sauti ya wifi ikiendelea kuita barabarani.