Fundi wa Milango

Kwenye mstari wa kuunganishia magari walimwita Sikio. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake kiwandani ilikuwa moja: kufunga milango. Akishakaza bawaba, aliusukuma mlango ujifunge wenyewe, huku ameinamisha kichwa. Ukilia kama bati, alilegeza nati na kuanza upya. Ukiitika kwa sauti nzito ya chini, aliliachia gari liende. Wenzake walimtania kwamba nyumbani kwake hata kabati halifungwi bila kukaguliwa.

Siku moja meneja alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Akamweleza kuwa kampuni inafungua kiwanda nchi jirani, naye amechaguliwa kwenda kuwafundisha wafanyakazi wapya wa huko kwa miezi mitatu. Sikio alirudi nyumbani kifua mbele. Mkewe ndiye aliyeuliza, huku akimkunjia mashati:

"Baba watoto, wao wakishajua, ninyi mtafanya nini?"

Swali lilimkaa kama mfupa kooni, lakini akaenda.

Kule alipewa wanafunzi kumi na wawili. Mmoja, binti mwembamba asiye na maneno mengi, wiki ya sita tu alikuwa anatambua kasoro ya mlango akiwa ameupa mgongo. Sikio alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Siku ya kuagana binti alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Aliporudi, alikuta mashine za kwao zimeng'olewa. Sakafuni yamebaki mashimo ya bolti na madoa ya grisi. Watu mia nne walirudishwa majumbani mwezi uleule, na baadhi yao wakaacha kumsalimia, kwani ndiye aliyekwenda kufundisha. Fundi rangi, rafiki aliyekula naye sahani moja tangu ujanani, alimwona akija, akavuka barabara. Sikio hakumlaumu. Akaanza kutengeneza milango ya nyumba za watu, mtaa kwa mtaa, kazi ya kusogeza siku tu.

Miaka tisa ikapita. Asubuhi moja simu ikaita. Alikuwa yule binti. Alimwamkia, akamuulizia hali ya mama, kisha akasema kiwanda chao nacho kinahamishiwa nchi nyingine, mbali zaidi, na ni yeye anayetakiwa kwenda kufundisha.

"Baba, ulipokuja kwetu, ulijua?"

Sikio aliweka bisibisi chini.

"Nilijua, mwanangu."

"Na bado ukatufundisha vile."

"Ninyi mlikuwa mmenikosea nini?"

Binti akalia bila kujificha. Naye hakumbembeleza, alikaa tu na simu sikioni mpaka ikapata moto. Mwishowe binti akavuta pumzi, akasema ataondoka Jumatatu, akaaga.

Mkewe alitoka jikoni akauliza nani alikuwa anapiga.

"Mtoto," alisema Sikio, na machozi yakamtoka mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe.